Nyumba ya Asaka huko Tokyo: Uzuri Haumtetei Mwenyewe

Kuna nyumba za kutazamwa kwa macho tu, na kuna nyumba za kuulizwa maswali. Leo, wasomaji wapenzi, tunataka kuwapeleka mbele ya nyumba moja ya namna hii ya pili. Iko Japani, katika mji mkuu Tokyo, mtaa wa Shirokanedai. Ilijengwa kwa ajili ya Mwanamfalme Asaka Yasuhiko, ikamalizika mwaka 1933. Tangu tarehe 1 Oktoba 1983 ni nyumba ya makumbusho ya sanaa, mali ya mji wa Tokyo, nayo yaitwa kwa Kijapani Teien, maana yake bustani. Siku hizi mtu yeyote, awe fundi au mwanafunzi, hununua tiketi yake na kupita katika vyumba ambamo zamani walipita wakubwa tu.

Watu wengi wameisifu nyumba hii. Mwaka 2015 serikali ya Japani iliiandika katika hesabu ya mali kubwa za urithi wa taifa. Sisi pia tutaisifu, maana yastahili. Lakini sifa ni kama mshahara: haifai kumpa mtu ambaye hakufanya kazi. Basi tutauliza maswali matatu. Je, nyumba hii ni nzuri kweli? Uzuri wake ni wa nani? Tena, uzuri huo watwambia nini juu ya mtu aliyekaa ndani yake?

ASILI YA NYUMBA

Asaka alizaliwa mwaka 1887 katika ukoo wa kifalme. Mke wake, Nobuko, alikuwa binti wa Mfalme Mkuu Meiji, yule aliyeifungua Japani kwa elimu na ufundi wa Ulaya. Mwaka 1922 Asaka, aliyekuwa afisa wa jeshi, alikwenda Ufaransa kujifunza mambo ya askari. Tarehe 1 Aprili 1923 alikuwa safarini ndani ya motokari pamoja na ndugu yake wa ukoo, Kitashirakawa Naruhisa, naye Kitashirakawa ndiye aliyeshika usukani. Gari likagonga mti. Kitashirakawa akafa, Asaka akavunjika mguu vibaya, akachechemea tangu siku ile.

Nobuko akavuka bahari kwenda kumwuguza mumewe. Wakakaa Ufaransa mpaka mwaka 1925. Mwaka huo huo palifanyika katika mji wa Paris maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo na ufundi wa kisasa. Yule bwana na yule bibi walikwenda kuyaona, yakawapendeza mno. Twaweza kusema kwamba nyumba hii ilianza kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mtindo waliouona kule huitwa Art Déco. Tueleze kwa maneno machache. Wazee wa Ulaya walipenda mapambo yaliyosokotana kama mizabibu, maua juu ya maua, dhahabu juu ya dhahabu. Mafundi wa mwaka 1925 walichoka nayo. Wakataka mistari iliyonyoka, miviringo safi, ngazi ngazi, kioo na chuma king'aacho. Walitaka kitu cha mkono kiwe na usafi wa mashine, bila kupoteza joto la mkono. Ni jambo gumu. Wengi walijaribu wakapata baridi tu. Nyumba ya Asaka ni mojawapo ya mahali ambapo jambo hilo lilifaulu.

TUINGIE NDANI

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyumba hii imegeuza methali hiyo. Kwa nje haina makuu: kuta nyeupe zenye rangi kidogo ya maziwa, madirisha yaliyopangwa kwa utulivu, bila nguzo kubwa wala sanamu juu ya paa. Apitaye mbali angeweza kudhani ni ofisi ya serikali. Uzuri wote umewekwa ndani.

Mlangoni twakutana na kazi ya René Lalique, fundi mkubwa wa kioo wa Ufaransa. Ni milango ya kioo yenye sura za wanawake wamesimama, mabawa yao yamefunguka nyuma yao. Mkristo akiwaona mara ya kwanza atadhani ni malaika. Si malaika, ni mapambo tu. Lakini mwanga upitapo katika kioo kile kizito, sura zile zatokea mbele kama zataka kumpokea mgeni. Chini ya miguu sakafu ni ya vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja. Hapo tayari twaona mikono miwili ikikutana: kioo cha Mfaransa na sakafu ya Mjapani, wala hakuna kinachoaibisha kingine.

Baada ya ukumbi mkubwa, wenye kuta za mbao za mjozi, twafika katika chumba cha kati. Hapo pamesimama kitu kirefu cha kauri nyeupe, kazi ya Henri Rapin, kilichofanywa katika kiwanda cha Sèvres huko Ufaransa. Watu hukiita mnara wa marashi. Sababu ya jina hilo ni kwamba walipaka marashi juu, mahali pa taa. Joto la taa likatawanya harufu chumbani. Kitu hiki ndicho kinachopigwa picha kuliko vyote. Sisi, pamoja na heshima yote, hatukiweki mbele. Ni kizuri, lakini chajua mno kwamba ni kizuri. Chataka tukitazame peke yake, na fundi mwema hapendi kitu kimoja kinyang'anye macho ya chumba kizima.

Chumba cha kulia ni bora zaidi. Upande mmoja ukuta wake wajipinda kama upinde kuelekea bustani, na madirisha yake yapokea majani mabichi ya nje kana kwamba nayo ni mapambo. Taa za Lalique zina sura za mananasi na makomamanga. Vifuniko vya chuma vya mahali pa kupitishia joto vina sura za samaki. Basi mgeni, kabla hajaletewa sahani, amekwisha kuambiwa yuko mahali gani. Hilo ndilo pambo la akili: halikai pale kwa kujionyesha, lasema kazi ya chumba.

Ukuta wa chumba hicho una nakshi za majani zilizoinuka, kazi ya Mfaransa Blanchot. Nakshi zenyewe zilikuwa za simenti nzito, zikasafirishwa kwa meli kutoka Ulaya. Zilipofika Japani zikaonekana zimepasuka. Wangeweza kuagiza nyingine na kungoja. Hawakufanya hivyo. Mafundi wa Japani walitwaa kipimo chake kwa kalibu, wakazifanya upya kwa plasta, wakazipaka rangi ya fedha iliyofifia. Ukuta unaotazamwa leo na wageni ni huo. Tukumbuke jambo hili dogo, maana lina uzito katika hukumu yetu.

KUAZIMA NA KUIGA

Wako watu wanaosema: hii si nyumba ya Kijapani, ni Paris iliyobebwa melini. Mwanamfalme aliona kitu cha wageni, akakitamani, akakinunua. Neno hili halifai kutupwa upesi, maana kuna ukweli ndani yake. Michoro ya vyumba saba, vile vya heshima, ilitoka kwa Henri Rapin, Mfaransa. Kioo, taa, vyuma vya mapambo, vingi vilivuka bahari.

Lakini asemaye hivyo hajapanda ghorofani.

Nyumba yenyewe ilijengwa na idara ya ujenzi ya Wizara ya Nyumba ya Mfalme, na mkubwa wa kazi ya kuichora alikuwa Mjapani, Gondo Yokichi. Vyumba saba vya Rapin vingi viko chini, upande wa wageni. Vyumba vya juu, vya kukaa na kulala, vingi ni kazi ya Gondo na wenzake. Huko mapambo yanashuka sauti. Taa za vyumba hazifanani. Karibu kila chumba kina yake. Kadhalika vifuniko vya joto: kila kimoja kina mchoro wake, na kimojawapo kina mchoro wa mawimbi ya bahari, nusu duara juu ya nusu duara, ambao Wajapani wameutumia tangu zamani katika nguo na vyombo vyao. Nobuko mwenyewe, aliyependa kuchora, ndiye aliyechora vifuniko vya vyumba vyake. Juu kabisa kuna chumba kidogo cha jua kwa wakati wa baridi, sakafu yake ya mawe meusi na meupe, hakina pambo jingine ila mwanga.

Sisi twasema wazi kwamba ghorofa ya juu yashinda ya chini. Chini twaona jinsi Mjapani alivyomkaribisha Mfaransa. Juu twaona jinsi alivyomwelewa. Kuiga ni kuchukua sura ya kitu bila kujua kwa nini kiko hivyo. Kuazima ni kuchukua ile sababu, halafu kufanya kwa mikono yako na kwa kumbukumbu ya nyumbani kwako. Mwenye kuiga, nakshi ikipasuka, hana la kufanya ila kulia na kuagiza nyingine. Mwenye kuazima huitengeneza upya. Taifa lolote linalopokea vitu kutoka ng'ambo, liwe Asia au Afrika, laweza kujipima kwa kipimo hicho.

Nobuko hakuifurahia kazi yake. Waliingia katika nyumba mwaka 1933, naye akafa tarehe 3 Novemba mwaka huo huo. Alikuwa na miaka 42.

BUSTANI

Jina la makumbusho lasema bustani, nasi tusiipite upesi. Kuna uwanja mpana wa majani mbele ya nyumba, kuna bustani ya Kizungu, na kuna bustani ya Kijapani yenye bwawa, mawe na vilima vidogo. Mbele ya bwawa iko nyumba ya chai iitwayo Koka, iliyomalizika mwaka 1936. Ina vyumba vya mikeka kwa desturi ya zamani, tena ina mahali ambapo mgeni aweza kunywa chai ameketi juu ya kiti. Hapo tena ni ile akili ya kuazima, safari hii kwa upande wa pili: ndani ya nyumba ya Kizungu wametia mawimbi ya Kijapani, na ndani ya nyumba ya chai ya Kijapani wametia viti.

Bustani ya Kijapani haifanywi ili mtu aione yote kwa mara moja. Njia hupinda kwa makusudi. Mti mmoja huficha bwawa, hatua tatu mbele bwawa latokea. Yamfundisha mtu kwenda polepole. Kwa jirani yake kuna msitu ambao umewekwa kwa mafunzo ya viumbe tangu mwaka 1949, miti mikubwa katikati ya mji wenye mamilioni ya watu.

Ardhi hii ina kumbukumbu ndefu. Zamani za mashogun ilikuwa ya ukoo wa Matsudaira, mabwana wa Takamatsu. Baadaye, wakati wa Meiji, iliwekwa baruti ya jeshi. Mwaka 1917 ikawa ardhi ya nyumba ya mfalme, na sehemu yake Asaka akapewa. Baruti iliondolewa, maua yakapandwa. Lakini vita havikuwa vimeondoka katika maisha ya mwenye nyumba.

MWENYE NYUMBA

Sasa twafika kwenye swali la tatu, ambalo wengi waliotoka kutazama taa na vioo hupenda kuliacha.

Nyumba ya chai ilimalizika mwaka 1936. Mwaka uliofuata Japani iliingia katika vita vikubwa na Uchina. Mapema mwezi wa Desemba 1937 Asaka aliwekwa kuwa mkuu wa jeshi la Shanghai lililokuwa likiukaribia mji wa Nanjing, uliokuwa mji mkuu wa Uchina wakati ule. Nanjing ulianguka tarehe 13 Desemba. Yaliyofuata yajulikana dunia nzima: askari waliua mateka na raia, wakawatia wanawake jeuri, wakapora, wakachoma. Mahakama ya Tokyo, baada ya vita, ilikadiria kwamba waliouawa katika majuma sita ya kwanza walizidi 200,000. Jenerali Matsui Iwane, mkubwa wa majeshi yote ya upande ule, alihukumiwa, akanyongwa tarehe 23 Desemba 1948. Asaka, ambaye askari wake walikuwamo mjini, aliulizwa maswali mwaka 1946 lakini hakushitakiwa. Ukoo wa mfalme uliachwa nje ya mashtaka. Wenye elimu ya historia wangali wakibishana juu ya amri zipi zilitoka kinywani mwake. Jambo moja halina ubishi: alikuwa mkuu, na mkuu huulizwa habari za walio chini yake.

Vita vilirudi mpaka mlangoni pake. Mwanawe wa pili, Tadahiko, aliuawa katika kisiwa cha Kwajalein mwaka 1944. Mwaka 1947 Asaka pamoja na koo nyingine za pembeni waliondolewa katika ukoo wa kifalme, wakawa raia kama wengine. Yoshida Shigeru, aliyekuwa waziri mkuu, alikaa katika nyumba ile mpaka mwaka 1954; baadaye ikawa nyumba ya kupokelea wageni wa taifa. Vioo vya Lalique vikawapokea wengine. Vioo havichagui.

Ndivyo mambo yalivyo, wasomaji. Mtu mmoja aliweza kupenda taa ya makomamanga na kuwa mkuu wa jeshi lile. Wako wafundishao kwamba sanaa huulainisha moyo, na ya kuwa mwenye kupenda vitu vizuri hawezi kushiriki vitu vibaya. Nyumba ya Asaka yakanusha fundisho hilo. Uzuri waweza kutuita, hauwezi kutulazimisha. Mtu aweza kukaa katikati yake kila siku, akala mbele yake, akalala chini yake, asisikie lolote.

NENO KWA SISI WAKATOLIKI

Kuna habari moja tena, nayo yatuhusu. Mwaka 1951 Asaka alibatizwa katika Kanisa Katoliki. Alikufa mwaka 1981, amezidi miaka 90, Mkatoliki.

Twajua kishawishi kilicho karibu. Twaweza kuichukua habari hii kama medali na kuitundika kifuani: tazameni, hata mwana wa ukoo wa mfalme wa Japani amekuja kwetu! Na tukiisha kujisifu hivyo, tutaona afadhali habari za Nanjing zisitajwe, zisije zikatia doa medali yetu.

Hapana. Katekisimu yatufundisha kwamba ubatizo husafisha dhambi zote za mtu mbele ya Mungu, naye atubuye kweli hupokewa, ukubwa wa kosa lake ukiwa wowote. Hilo twalisadiki. Aliyosema Asaka moyoni mwake siku ile ni siri yake na Mungu, wala si kazi yetu kuifungua. Lakini maji ya ubatizo hayakumwagwa ili yafute majina ya wafu. Msamaha ni wa Mungu kuutoa; ukweli ni deni letu sisi tuliobaki. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakusema tu kwamba amefurahi. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Wale wa Nanjing hawawezi kurudishiwa uhai. Waweza kurudishiwa kitu kimoja tu, yaani kutajwa. Mkristo anayewanyima hicho kwa ajili ya heshima ya ndugu yake katika imani amempenda ndugu kuliko haki.

HUKUMU YETU

Turudi kwa maswali matatu. Nyumba hii ni nzuri kweli; twaihesabu kuwa mojawapo ya nyumba nzuri kabisa zilizotoka katika mtindo ule, na tena nzuri zaidi katika vyumba vyake vya unyamavu kuliko katika vile vya fahari. Uzuri wake ni wa wale walioufanya: Lalique na Rapin na Blanchot, Gondo na wachoraji wenzake, bibi yule aliyechora vifuniko vya chumba chake akafa kabla ya mwaka kwisha, na mafundi wasiotajwa waliopanga vijiwe na kuitengeneza upya nakshi iliyopasuka. Aliyelipa alilipa, haya si mapato yake.

Na nyumba yasema nini juu ya mwenyewe? Yasema kwamba alikuwa na macho mazuri. Zaidi ya hapo haisemi, wala tusiilazimishe. Haimshitaki, lakini pia haimtetei. Ushahidi wake uko mahali pengine, kando ya mto Yangtze, na kila azuruye Shirokanedai yampasa kuufikiria, ingawa kuta hazimkumbushi.

Je, kwa sababu hiyo milango ifungwe? La. Kuibomoa nyumba kungekuwa kuwaadhibu mafundi kwa kosa la bwana. Kuizuru bila kuuliza kungekuwa kuwasahau wafu kwa ajili ya taa. Njia iliyo sawa ni ngumu kidogo kuliko hizo mbili: kuingia, kutazama vizuri, kumpa fundi heshima yake yote, na kutoka nje hali tukijua jina la nyumba ni la nani na ni nini kingine kilichotendwa chini ya jina hilo.

Tangu mwaka 1983 jambo moja limegeuka katika nyumba hii, nalo latufurahisha kuliko mnara wa marashi. Zamani vyumba vya fahari vilifanywa kwa wageni wachache waliochaguliwa. Leo mtoto wa shule husimama mbele ya wale wanawake wa kioo wenye mabawa, nao humpokea vilevile. Labda atauliza: ni nani aliyekaa hapa, na alifanya nini? Mwenye kumwongoza asimjibu nusu.